Maziwa ya Mama na Pumzi ya Nyangeta

Jina la Bwana na litukuzwe, ndugu zangu, ninyi mliokaa mbele yangu na ninyi mtakaousoma ushuhuda huu majumbani mwenu! Wazee wa kanisa wameniomba niueleze kwa utaratibu, kwa kuwa umekwisha kusimuliwa na wengi, na kila anayeusimulia huongeza chake. Wapo wanaosema mke wangu alikufa, akalala mfu hadi jioni, kisha akafufuka. Wapo wanaosema mama yangu alitaka kumwua. Mimi nilikuwepo. Magoti yangu yalikuwa kwenye tope lile, na mikono yangu ilikuwa juu ya kifua chake. Nitasema niliyoyaona; nisiyoyaona nitamtaja aliyeniambia.

Miaka ile nilikuwa mwalimu wa sekondari mjini Musoma. Tulikaa Makoko, mimi na mke wangu Nyangeta. Wenye umri wangu mnaikumbuka hali ilivyokuwa. Sabuni ilipatikana kwa foleni, sukari kwa mgawo, na mafuta ya taa kwa kujuana. Nyangeta alifua mashati yangu ya kazini kwa majani ya mpapai, nami nikasimama mbele ya wanafunzi nikinukia mpapai, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa wao nao walinukia hivyo hivyo. Mshahara ulikwisha kabla ya mwezi kufika katikati. Basi, kama watumishi wengi, tulikuwa walimu siku za kazi na wakulima siku ya Jumamosi. Mama yangu, mjane, alikaa Bugwema, akiwa na ng'ombe wachache na shamba la pamba. Tulikwenda kumsaidia kila msimu wa mavuno, tukarudi mjini na unga, mihogo mikavu na maziwa.

Ni lazima mumjue Mama, maana bila kumjua mtausikia ushuhuda huu vibaya. Alibatizwa akiwa mtu mzima, akampenda Bwana kwa moyo wake wote, lakini mambo mengi aliyorithi kwa mama yake aliendelea kuyatunza pembeni ya imani yake, kama mtu anavyotunza nguo za marehemu. Hakujaliwa kuzaa binti. Nilipomleta Nyangeta nyumbani, alimpokea kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Alimtengea kibuyu kidogo, cheusi kwa moshi wa kufukizia, ambacho hakuna mwingine aliyekinywea. Maziwa ya kwanza ya asubuhi yaliingia humo, nacho kikatundikwa ukutani kumngoja mkwewe. Mimi, mwanawe wa kumzaa, nilipewa kikombe cha bati.

Tena ni lazima mjue mambo mawili ambayo watu wa kijiji chetu waliyashika kuhusu radi. La kwanza: aliyepigwa na radi asiguswe, kwa kuwa moto wa juu ungali mwilini mwake na utamhamia amgusaye. La pili: moto huo hauzimwi kwa maji, huzimwa kwa maziwa. Naomba myaweke mambo haya mawili akilini, maana yote yaliyotokea yametoka humo.

Ndugu zangu, ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mvua za mwisho za msimu zikiwa bado hazijaaga. Akina mama wa kwaya walikuwa wamekuja kumsaidia Mama kuvuna, kama walivyosaidiana kwa zamu. Pamoja nao alikuwa Shemasi Masatu, jirani yetu, mtu mwema mwenye sauti kubwa aliyewahi kupitia mafunzo ya mgambo na hakuacha watu wasahau. Wingu lilipotanda, akaingia pia mgeni mmoja akisukuma baiskeli: Nesi Ghati, mkunga wa zahanati, aliyekuwa ametoka kupima uzito wa watoto kijiji cha pili. Aliomba hifadhi ya mvua, akapewa kigoda jikoni.

Pamba ilikuwa imeanikwa juu ya chanja uani, pamba safi upande mmoja na pamba fifi, ile ya daraja la chini, upande wa pili. Pamba ikilowa, kazi ya msimu mzima inashuka daraja. Nyangeta akatoka mbio kwenda kuifunika kwa turubai. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nikiingiza magunia stoo. Niliona weupe, na baadaye nikajikuta nimeinama, masikio yakivuma. Sikumwona alipoanguka. Mama alimwona, alikuwa mlangoni.

Nilipozunguka nyumba niliona jambo hili, na ndilo hasa ninalotaka mlishike. Chanja kilikuwa kinatoa moshi. Nyangeta alikuwa amelala chali uani. Watu wote walikuwa wamesimama chini ya paa, wakipaza sauti, na hakuna aliyevuka mstari wa matone yaliyodondoka kutoka paani. Uani palikuwa na mtu mmoja tu. Mama yangu alikuwa amepiga magoti, amekipakata kichwa cha mkwewe, na kibuyu kile cheusi kilikuwa mkononi mwake. Alimmwagia maziwa utosini, usoni na kinywani. Yalikuwa maziwa ya mgando.

Nikamsikia Nesi Ghati akisukuma watu mlangoni. "Nipisheni! Mimi mvua naikimbia, mtu simkimbii!" Alifika, akaweka sikio puani, akaweka vidole shingoni, akasubiri. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Nani kamnywesha?"

"Mimi," Mama akasema. "Tunafanyaga hivyo tangu zamani, mwanangu. Moto wa juu unazimwaga na maziwa."

"Amemeza?"

"Sijui. Namimina tu, yanabaki palepale."

"Basi tosha, Mama. Weka kibuyu chini." Hakumkaripia. Akanigeukia mimi. "Mwalimu, moyo haupigi na pumzi hakuna. Piga magoti hapa. Kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, nyoosha mikono, kandamiza. Usiache mpaka niseme."

Nikaanza. Ndugu zangu, nimefundisha vijana kwa miaka mingi jinsi ya kuomba sala yenye mpangilio, yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Saa ile sikuwa na sentensi hata moja. Nilikuwa na majina mawili, moja kwa kila mkandamizo: Nyangeta, Yesu, Nyangeta, Yesu. Hiyo ndiyo sala yangu yote, na Bwana hakunidai zaidi.

"Mwalimu! Unambembeleza au unakandamiza? Huyu si mtoto wa kulazwa!"

"Nitamvunja mbavu."

"Mbavu zinaungaga. Kandamiza!"

Nikaongeza nguvu. Hapo yakatokea tusiyoyatazamia. Kila nilipokandamiza, kitu kilipanda kooni mwake: maziwa, mabonge ya mgando, na chakula cha mchana kikifuata. Kinywa kikajaa hadi kufurika. Shemasi Masatu, ambaye sasa alikuwa amevuka mstari wa matone, akaanza kupaza sauti juu ya vichwa vyetu. "Mpulizie, Nesi! Mgamboni tulifundishwa, mtu akiacha kupumua unampulizia!"

"Nimpulizie nini, Shemasi? Maziwa?" Nesi akajibu, vidole vyake vikiwa tayari kinywani mwa Nyangeta. "Nikipuliza sasa nayashindilia yote mapafuni. Njia kwanza, pumzi baadaye. Acha hotuba, shika miguu."

Katika mfuko wake wa ukunga alikuwa na mpira mwembamba wa kunyonya ute vinywani mwa watoto wachanga. Aliutia kooni, akavuta kwa mdomo wake mwenyewe. Bonge la mgando likauziba. Akaupuliza uzibuke, akavuta tena, ukaziba tena. Mpira ule ulitengenezwa kwa mate ya kichanga, haukujua maziwa ya Bugwema. Akautupa begani. Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akaja mbio na mpira mpana aliouchomoa kwenye bomba la kunyunyizia pamba.

"Huo wa dawa ya wadudu? Mnataka kumwua mara ya pili? Rudisha!"

Ndipo nilipomwona akiinua macho na kuutazama ua. Naukumbuka mtazamo ule kuliko neno lolote lililosemwa siku ile. Ua wa Mama una mteremko. Maji ya mvua hukimbilia bondeni, kwenye migomba. Nesi aliutazama mkondo wa maji, akamtazama Nyangeta, ambaye kichwa chake kilikuwa upande wa juu. "Tunamgeuza," akasema. "Kichwa kiende bondeni. Wote pamoja, upesi, Mwalimu asipoteze muda."

Tukamgeuza juu ya tope kama watu wanaogeuza mtumbwi, kichwa kikawa chini na miguu juu. Kisha kwa amri yake tukamlaza ubavu, mwili mzima kwa mara moja, bega na nyonga vikienda pamoja. Kinywa kikamwaga. Ndugu zangu, kilimwaga! Yale ambayo mpira haukuyaweza, mteremko uliyatoa peke yake. Nesi akauzungusha upindo wa kanga yake kidoleni, akakomba shavu la ndani, akakomba nyuma ya ulimi, akatoa mabonge, akatikisa mkono, akakomba tena. "Chali! Kandamiza!" Nikakandamiza. Kikajaa tena. "Ubavu!" Tukamgeuza, kikamwaga, akakomba. "Chali!" Hakuruhusu kifua kipumzike ila kwa muda ule mfupi wa kugeuza, wala hakuruhusu pumzi yoyote iingie kabla njia haijawa safi. Nilielewa baadaye, kwa kumwuliza, kwamba alikuwa akishindana na mambo mawili yanayopingana: moyo hautaki kungoja, na koo halitaki kuharakishwa.

Chini ya paa akina mama wakaanza kulia kile kilio mnachokijua, cha msiba. Nesi akageuka kwa ukali, mara ya kwanza kabisa. "Msimlilie mtu ambaye sijasema amekufa! Ninyi si kwaya? Mpigieni Mwalimu makofi, anachoka, mwendo unamtoka!"

Kilio kikakatika. Ikabaki mvua tu. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakaingia, kwa mwendo wa pambio la haraka, bila maneno. Wakatoka chini ya paa, wakavuka mstari ule, wakatuzunguka kwenye mvua. Mikono yangu ikapata mwendo wake. Nilipochoka kabisa, Shemasi alinipokea bila kukosa pigo hata moja, na hakusema neno juu ya mgambo.

Kinywa kilipokuwa safi, Nesi aliinua kidevu cha Nyangeta, akambana pua, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wenye maziwa, akapuliza. Kifua kikainuka. Akapuliza tena, kukasikika mkoromo kama maji yanayochemka kwenye chungu. Akaacha mara moja. "Ubavu." Akakomba. "Chali." Akapuliza. Safari hii kifua kiliinuka kimya. Akaweka vidole shingoni, akamwinulia Shemasi mkono: acha. "Moyo upo," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema funguo zimepatikana. "Pumzi bado. Hiyo nitamkopesha."

Akaendelea kumpulizia, polepole, makofi yakiwa yamepungua hadi kuwa kama matone. Muda gani ulipita siwezi kuwaambia. Shemasi ana jibu lake na akina mama wana lao, nami sina. Najua tu kwamba Nyangeta alikohoa. Alikohoa, akatapika, wakamgeuza kabla Nesi hajafungua kinywa, kwa kuwa sasa kila mtu pale alijua kazi yake. Akavuta pumzi yake mwenyewe, yenye kukwaruza, mbaya kusikia, na nzuri kuliko kwaya yoyote niliyowahi kuisikia. Bwana apewe utukufu!

Lori lililokuja kuchukua pamba kuipeleka kwenye kinu cha kuchambulia pamba Bunda lilitukuta bado tuko uani. Dereva alitupakia bila swali. Nyangeta akalazwa ubavu juu ya pamba, ile safi, na hakuna aliyetaja daraja. Nesi akanisimamisha kabla lori halijaondoka. "Asilale chali njiani. Na mtu asimpe kitu kinywani, hata maji, hata akiomba. Mpaka siku atakapokaa mwenyewe, amjue aliye mbele yake, na ashike chombo kwa mkono wake. Umesikia, Mwalimu?" Nilisikia.

Hospitalini homa ilimshika, kwa kuwa maziwa kidogo yalikuwa yameteremka mapafuni. Daktari alijua dawa. Dawa ndiyo haikuwepo. Shemasi Masatu aliizunguka Bunda nzima kwa miguu, akiuliza dukani, kwenye zahanati, hata kwa watu binafsi, na sauti yake ile kubwa ikawa baraka. Sindano zikapatikana. Homa ikashuka. Siku moja Nyangeta alifungua macho akaniuliza, kwa sauti iliyopasuka, kama pamba ilifunikwa. Nikamwambia haikufunikwa. Akasema, "Mama atasikitika."

Ndugu zangu, watu huniuliza kama aliokolewa na Mungu au na Nesi. Mimi naona swali lenyewe limejengwa vibaya. Aliyemkimbiza Nesi kwa mvua hadi chini ya paa letu ndiye aliyempa ujuzi wake, na ndiye aliyeuinamisha ua wa Mama kuelekea bondeni kabla hatujazaliwa. Sioni mahali pa kupitisha kisu nikatenganisha.

Tena nawasihi, kwa kuwa mvua zinakuja na radi zake, na ziwa bado linazamisha watu: mtu akianguka, msimwogope, msimkimbie. Mkaribieni. Msimnyweshe kitu asiyeweza kujinywesha. Asiyepumua, kandamizeni kifua chake. Kinywa kikijaa, mlazeni ubavu kimwage, mkikombe, mrudi kwenye kifua, na pumzi ifuate njia iliyo safi. Mwiteni mtu wa hospitali. Na mwombeni Bwana hata kama mna majina mawili tu ya kumwambia. Mtegemeeni! Yeye husikia hata sala isiyo na kitenzi.

Ningeweza kumalizia hapo, lakini ushuhuda usingekuwa kamili, maana waliohitaji kuokolewa nyumbani kwetu walikuwa wawili.

Tuliporudi Bugwema, kibuyu cheusi hakikuwa ukutani. Mama alikuwa amekifunika kwa gunia nyuma ya stoo. Ng'ombe aliwakamua, kwa kuwa lazima wakamuliwe, lakini maziwa aliyagawa kwa majirani na hakumpa mtu kwa mkono wake. Kijijini walikuwa wakisema alimnywesha mkwewe kifo, na yeye alikuwa amewaamini. Kwa upande wa pili, watu hao hao walimwogopa Nyangeta. Walimsalimia kwa mbali. Ilisemekana aliyechaguliwa na moto wa juu hashirikishwi chombo, kwamba atakayenywea alipoweka mdomo atajiitia radi. Hivyo wanawake wawili waliopendana walikaa jikoni, mmoja akiogopa mikono yake, mwingine akiogopwa mdomo wake.

Siku ile ya kurudi, akina mama wa kwaya wakiwa wamejaa mlangoni kumtazama, Nyangeta alikaa juu ya kigoda kile kile alichokikalia Nesi. "Mama," akasema, "nina kiu. Kibuyu changu kiko wapi?"

Mama akatikisa kichwa. "Kwa mikono hii? Hapana, mwanangu. Nitakuua kweli safari hii."

"Safari ile nilikuwa nimelala. Tazama, sasa nimekaa." Akainyoosha mikono yake mbele. "Na wewe ni Mama, nakujua. Na mkono wangu huu hapa. Nesi alisema hivyo, muulize mwanao."

Nikasema, "Ndivyo alivyosema."

Mama akainuka. Kisha akatoka, akarudi na kibuyu, amekiosha, amekifukiza, amekijaza. Hakumnywesha. Alikiweka mikononi mwa Nyangeta, akarudi hatua moja nyuma. Nyangeta akanywa polepole, akameza, sote tukilitazama koo lake kama watu wanaosoma maandishi. Hakukohoa.

"Siku ile wote walikuwa chini ya paa," Nyangeta akasema, sauti bado imepasuka. "Shemasi ndiye aliyeniambia. Ni wewe tu uliyekuja mvuani, Mama."

Akarudisha kibuyu. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akautazama mdomo wa kibuyu ulipolowana maziwa, na hakuufuta. Akakiinua, akanywea palepale aliponywea mkwewe, hadi kikaisha.

Na aliyetupa pumzi, akatupa na maziwa, ashukuriwe katika nyumba hii na katika nyumba zenu zote.